Vipepeo wa Mwalimu Rula

Wazazi ndio waliompa jina hilo, na watoto wakalirithi bila kuuliza. Mwalimu Rula. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mgongo umenyooka kama aliyemeza fimbo, na ndani ya mfuko wa gauni lake hamkukosa rula ya mbao ya sentimita thelathini. Hakuwahi kumchapa nayo mtoto hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kupiga mistari: mistari ya daftari, mistari ya ubaoni, na ule mstari wa chaki sakafuni karibu na mlango, ambapo viatu vya watoto ishirini na sita vilipangwa kila asubuhi, visigino vikiugusa.

Mumewe alikuwa kinyozi mwenye duka la viti viwili jirani na soko. Aliwasimulia wateja kwamba siku ya harusi yao, bibi harusi alimsimamisha mpiga picha na kumwambia asogee kushoto kidogo, ili mlango wa nyuma ukae katikati. Wateja walicheka wakidhani anatia chumvi. Hakutia hata punje.

Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alifundisha chekechea, watoto wa miaka minne na mitano, katika chumba kile kile chenye madirisha matatu na sinki lililojengwa chini kwa kimo cha watoto. Somo la sanaa lilikuwa Jumatano baada ya chai. Kila mtoto alipewa karatasi iliyokwisha kuchorwa umbo, mara samaki, mara ua, mara nyingi zaidi kipepeo, pamoja na kalamu tatu za rangi. Sheria ilikuwa moja tu: usitoke nje ya mstari.

Sasa, mtoto wa miaka minne hutoka nje ya mstari kama maji yanavyotoka kwenye pakacha. Mwalimu Rula alilijua hilo, na hapo ndipo palipokuwa na siri yake. Kila ilipokaribia Siku ya Wazazi, alizibeba karatasi zote nyumbani, akakaa mezani na kifutio, rangi nyeupe na brashi nyembamba, akawatengeneza vipepeo mmoja baada ya mwingine. Bawa lililovimba alilipunguza. Jicho lililohamia mkiani alilirudisha kichwani. Kesho yake ukutani walining'inia vipepeo ishirini na sita waliofanana kama sare, na kila mzazi alisimama mbele ya wake akasema, "Jamani, huyu mwanangu ana kipaji!" Wazazi ishirini na sita, kipaji kimoja.

"Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia mumewe, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kochi.

"Ni kweli, mama watoto. Lakini samaki huyu unamkunja wewe mwenyewe, halafu unaenda kumsifu yeye kwa kujikunja."

Mkewe aliinamia karatasi. Alikuwa anachora vipapasio, na kazi ya vipapasio haitaki maneno.

Mambo yaligeuka mwaka ambao mjusi aliingia ndani ya mashine ya fotokopi ya shule kutafuta joto, akalipata kupita kiasi. Fundi aliifungua mashine, akamtoa marehemu kwa koleo, akasema kuna kifaa kimeungua na lazima kiagizwe. Miezi mitatu, pengine minne. Mwalimu mkuu, mama mmoja aliyetembea na funguo zote za shule kiunoni hata ukamsikia kabla ya kumwona, alimfuata Mwalimu Rula darasani.

"Mwalimu, hakuna vipepeo muhula huu. Jumatano utatumia akili yako."

"Nitawachora kwa mkono."

"Wote?"

Alijaribu. Alipofika kipepeo wa tisa vidole vilikakamaa, na yule wa kumi akatoka na mabawa mawili ya kushoto. Ndipo alipopiga moyo konde: atawapa karatasi tupu. Mara hii moja tu.

Karatasi alizipata kwenye kiwanda cha uchapishaji kilichokuwa mtaa wa pili, masalio ya mwisho ya yale marobota makubwa. Rangi zilikuwepo kabatini, mikebe mitano ya rangi ya unga ya kuchanganya na maji, haijafunguliwa tangu iletwe, kwa sababu Mwalimu Rula aliiogopa kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Brashi ndizo zilikuwa tatizo: zilikuwa nne tu. Mumewe akaingia stoo ya duka lake, akatoka na brashi kuukuu za kupakia povu la kunyolea, ishirini na mbili kwa hesabu, na furushi la zile shuka wanazofungwa wateja shingoni.

"Za kuzuia nguo zisichafuke," alisema. "Nywele zimezishindwa miaka yote hii. Rangi nayo haitazifanya kitu."

Basi Jumatano ile, ungepita dirishani ungeona watu wafupi ishirini na sita wamekaa chini juu ya turubai, kila mmoja na shuka nyeupe shingoni, kimya, kama foleni ya kunyolewa.

"Mwalimu, kipepeo yuko wapi?" aliuliza binti wa mwenye bucha. Huyu darasani aliitwa Chiriku, maana hakuna aliyewahi kuuona mdomo wake umefungwa, hata akiwa analala.

"Leo hayupo. Chora unachotaka."

Watoto wakatazamana. Chiriku akaona mwalimu hajaelewa hali ilivyo. "Chochote?"

"Chochote."

"Hata baba?"

"Hata baba."

"Hata baba akiwa amekasirika?"

Mwalimu Rula alifikiri kidogo. "Hata hivyo."

Kilichofuata hakikuwa na jina. Dakika kumi za kwanza hakuna aliyechora kitu, walikuwa wanajaribu. Huyu alipiga brashi karatasini kama anatwanga, aone rangi inaruka umbali gani. Yule alichanganya njano na buluu, akaona kijani, akapiga ukelele, na watoto sita wakakimbia kuona muujiza. Mvulana mmoja, mtoto wa karani wa ofisi ya maji, alizungusha brashi akapata duara, akashangaa kwamba mwisho wake umekutana na mwanzo, akarudia. Akarudia tena. Kipindi kilipokwisha alikuwa na maduara arobaini na pua nyekundu.

Mwalimu Rula alikuwa anafuta. Alifuta turubai, sinki, kitasa, shingo ya Chiriku. Alirudi nyumbani na alama ya kiganja cha kijani mgongoni, mahali ambapo asingeweza kuiona, na watu wote njiani waliiona.

"Sitarudia," alimwambia mumewe.

"Watoto walilia?"

"Hapana."

"Walipigana?"

Ndio kwanza alitambua. Watoto ishirini na sita, dakika hamsini, na hakuna aliyemng'ata mwenzake.

Jumatano iliyofuata alirudia.

Kadiri wiki zilivyopita alianza kuona mambo ambayo hakuyaona kwa miaka kumi na tisa, kwa sababu safari hii hakuwa na mstari wa kulinda na macho yake yalikuwa na nafasi. Aliona wanavyoshika brashi: mwanzoni kwa ngumi nzima kama mchi, baadaye vidole vikaanza kushuka kimoja kimoja. Aliona watu wao wanavyozaliwa. Kwanza ni vurugu ya mistari, kisha duara, kisha siku moja duara linaota macho, halafu miguu miwili inatokea moja kwa moja kidevuni, na mtu amekamilika: kichwa kinachotembea. Nusu ya darasa walichora hivyo hivyo, bila kufundishwa, bila kuigana. Kiwiliwili hakikuwahusu.

Na yule mtoto wa karani? Huyu tangu mwanzo wa mwaka alikuwa hawezi kuandika herufi *a*. Mwalimu alikuwa amemshika mkono, amemwekea vitone vya kufuatisha, amembembeleza, wapi. Sasa wiki ya tano ya maduara, akiwa na daftari lake la kawaida, aliandika *a* ya kwanza, nzuri, ya mviringo, mkia mahali pake. Akajaza nayo kurasa mbili. Mwalimu Rula alilitazama daftari lile, akalifunga, akalifungua tena kuhakikisha herufi zipo.

Lakini aliyemsumbua akili alikuwa binti wa fundi viatu.

Binti huyu alikuwa mtoto mtaratibu, mkono mwepesi. Kila Jumatano alianza picha ya kupendeza: nyumba yenye mlango mwekundu, mti, watu wawili na nusu, jua. Mwalimu akipita upande ule moyo wake ulitulia. Akirudi baada ya dakika kumi, karatasi nzima imekuwa tope, rangi ya udongo kona hadi kona, na binti ameketi mbele yake ameridhika kabisa.

"Nyumba imeenda wapi?" mwalimu aliuliza wiki ya kwanza.

"Ipo."

Wiki ya pili, tope. Wiki ya tatu, tope. Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia, na Mwalimu Rula, ambaye tabia zake za zamani zilikuwa zimelala tu, hazijafa, alipanga jambo. Jumatano ya nne alisimama nyuma ya mtoto yule kama paka anayevizia. Nyumba ikachorwa. Mlango, mti, watu, jua. Binti akachovya brashi kwenye mkebe wa rangi ya udongo, na kabla tone halijadondoka, mwalimu aliinyakua karatasi.

"Basi! Imetosha. Imependeza, tunaiweka ukutani."

Mtoto alimtazama kama anayemtazama mwizi. Halafu akapiga kelele ambayo haikuwahi kutoka kwake:

"Mvua haijanyesha bado!"

Alilia mpaka akapata kwikwi. Wenzake wote wakaacha brashi. Chiriku, aliyependa haki itendeke, akasema kwa sauti, "Mwalimu, mrudishie mvua yake."

Mwalimu alimrudishia karatasi, lakini maji yalikwisha mwagika. Binti hakuigusa. Jumatano iliyofuata alikaa kwenye turubai, mikono ameikalia. "Paka rangi wewe," alisema. Nusu ya saa, "Paka wewe." Siku hiyo Mwalimu Rula alitembea nyumbani polepole kuliko kawaida. Baadaye alimwambia mumewe kwamba amehesabu: miaka kumi na tisa, kila mwaka watoto ishirini na kitu, na kila mmoja wao alikuwa amenyakuliwa karatasi, ila tu wao walikuwa wamekwenda nyumbani na hawakuona. Mumewe, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila jambo, safari hiyo hakutoa mzaha. Alimsogezea chai.

Jumatano iliyofuata tena, mwalimu alijifunga shuka ya kinyozi shingoni, akajikunja goti moja, akajikunja la pili, akakaa chini kando ya binti wa fundi viatu na karatasi yake mwenyewe. Akachora nyumba. Kuta zilinyooka. Dirisha lilikuwa katikati sawasawa.

Binti aliangalia kwa jicho la pembeni. "Nyumba yako haina watu?"

"Wamo ndani."

"Wanafanya nini?"

Mwalimu Rula aliitazama nyumba yake. "Sijui."

"Ni nyumba yako, na hujui?" Mtoto alitoa mkono mmoja chini ya paja, akachukua brashi, akatia doa jekundu nje ya mlango. "Huyu ametoka. Amechoka kukaa ndani."

Mwalimu akaichukua ile karatasi ya siku ya kelele, aliyokuwa ameihifadhi, akaiweka kati yao bila neno. Binti akaitazama kwa muda. Kisha akavuta mkebe wa rangi ya udongo, akaanza kazi, na mara hii alisimulia, kwa sababu mtu aliyekuwa kando yake alikuwa amekaa kusikiliza.

"Hii mvua. Inaanza ndogo. Sasa kubwa. Sasa inaingia juu, tip, tip, tip. Mama anaweka ndoo. Baba anaweka beseni. Ndoo imejaa. Maji yanakwenda kwenye viatu vya watu. Mimi niko chini ya kitanda, hapa. Hunioni, lakini nipo. Sasa maji yamejaa kote." Brashi ilifika kona ya mwisho. "Sasa imekwisha. Baba amefagia."

Akaweka brashi chini, akapumua.

Mwalimu Rula alikaa akitazama karatasi ya rangi ya udongo, na kwa mara ya kwanza aliona kila kitu kilichokuwa ndani yake. Alitoa kalamu, akaandika maneno yale yale kwenye kipande cha karatasi cha kubandikwa chini yake, pamoja na ile tip, tip, tip.

Kabla ya Siku ya Wazazi kulitokea ajali ndogo ambayo lazima niieleze. Mwalimu alikuwa akizibeba brashi nyumbani kuziosha, na siku moja brashi moja ilirudi dukani kwa kinyozi badala ya shuleni. Aliyekaa kitini asubuhi ile alikuwa mwenye bucha, baba yake Chiriku, mtu mkubwa mwenye tumbo la heshima, anajiandaa kwenda kumposea mpwa wake. Povu likatoka na rangi ya mbingu. Kinyozi akadhani ni sabuni mpya. Alipomaliza kunyoa na kufuta, kidevu cha mwenye bucha kilikuwa buluu, na kilibaki buluu siku mbili. Posa ilikubaliwa, lakini inasemekana wazee wa upande wa pili walishindwa kumtazama usoni.

Wiki hiyo mwalimu mkuu alifika darasani, funguo zikitangulia. Aliziona karatasi zikining'inia kwenye kamba, akashika kifua.

"Mwalimu, na vipepeo je? Ungewachora hata watano tu."

"Hakuna vipepeo."

"Wazazi watasema tumewaachia watoto wakacheza."

"Waambie ni kweli."

"Haya," alisema mwalimu mkuu akizigeuza funguo kiunoni. "Lakini utasimama mlangoni wewe, si mimi."

Akasimama mlangoni. Wazazi waliingia wakitabasamu, na tabasamu zikawaishia njiani. Palikuwa na maduara, madoa, vichwa vinavyotembea, karatasi moja nyeusi tii iliyoandikwa chini yake "Ng'ombe wetu amefumba macho." Wengine walicheka kwa adabu. Wengine waligeuza shingo kutafuta upande wa juu. Mwenye bucha alitafuta jina la binti yake, akalipata, akasimama.

Karatasini palikuwa na kichwa kikubwa, nyusi zimekunjana, miguu miwili mirefu. Kidevu kilikuwa buluu.

Kila aliyepita alijua ni nani. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, mpaka watu wakashika mbavu. Mwenye bucha hakucheka.

"Mwalimu," aliita. "Tumbo langu liko wapi?"

Akalipiga kwa kiganja.

"Tumbo hili nimelitafuta miaka ishirini. Mtoto anaishi nalo nyumba moja. Hajaliona?"

"Muulize mwenyewe," alisema Mwalimu Rula.

Chiriku alikuwa ameshafika. "Baba, tumbo haliongei," alieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Nimechora pa kuongelea, pa kuonea, na pa kuja nyumbani." Akaonyesha mdomo, macho, miguu.

Mwenye bucha aliinama, kwa shida, akatazama tena. "Pa kuja nyumbani," alisema. Akaibandua picha ukutani mwenyewe, na siku hizi imetundikwa buchani, juu ya mizani.

Fundi viatu hakucheka na hakuuliza. Alisoma yaliyoandikwa chini ya tope la binti yake, akasoma tena akifuatisha kwa kidole. "Paa lilivuja kweli, mchana mmoja," alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini. "Tulihangaika na ndoo. Niliona yuko chini ya kitanda, nikadhani anacheza." Akamchukua binti yake, akamkalisha begani ingawa alishavuka umri wa kubebwa, wakatoka hivyo.

Ningependa kusema wote walielewa. Karani wa ofisi ya maji, mama wa yule mvulana wa maduara, alisimama mbele ya maduara arobaini, midomo ameikaza. Mwalimu alimkimbilia na daftari. "Mama, tafadhali, tazama herufi hizi..."

"Nimeshaona," alisema karani. "Silipi ada mwanangu afundishwe sufuri." Wiki iliyofuata alimhamishia shule nyingine. Siku chache baadaye habari zikafika kwamba mwalimu wa huko amesifiwa sana na mama yule, maana mtoto alifika Jumatatu na kufikia Ijumaa anaandika *a* safi kabisa. Mwalimu Rula aliposikia alicheka, kisha akaingia stoo akakaa humo kidogo peke yake. Alimpenda mvulana yule.

Wazazi wengine walinung'unika muhula mzima, halafu wakazoea. Wawili watatu walianza kuja Jumatano kuchungulia dirishani, na mmoja wao aliishia kufungwa shuka shingoni. Mwaka uliofuata mwalimu wa darasa la kwanza alilalamika chumba cha walimu kwamba watoto waliotoka chekechea wanashika penseli vizuri, lakini wana kasoro moja: kila ukiwaonyesha picha kitabuni, wanauliza nini kilitokea baada ya hapo.

Yeye mwenyewe hajajifunza kuchora. Nyumba zake bado zimenyooka, ingawa siku hizi huwa kuna mtu mmoja nje. Amebakiza miaka minne kustaafu, na magoti yameanza kumtesa; kukaa chini anaweza, kuinuka ndiyo kazi. Kwa hiyo kila Jumatano kipindi kinapokwisha, huchaguliwa watu wawili wenye nguvu, wa miaka minne au mitano, wanamshika kila mmoja mkono wake, wengine wanahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, na wote kwa pamoja wanamvuta mwalimu wao mpaka anasimama.